Vifaranga wanakufa baada ya kuwekewa alama, chipu hazisomi, rangi imepotea: tatizo liko wapi?

Hii ni kuhusu kuweka samaki alama, iwe chipu (kijidude cha glasi chenye namba, kinachochomwa tumboni kwa sindano na kusomwa kwa skana), rangi ya chini ya ngozi au kukata pezi, na ni kwa wale wa vituo vya vifaranga, wanafunzi wa field na wafugaji walioamua kuchagua wenyewe wazazi wa sato au kambare. Kila msimu maswali ni yaleyale, mtu anakwambia "hizi chipu ni feki", ukimbana kidogo unakuta chipu haina shida yoyote, samaki alikuwa ameshiba, au skana iko juu ya meza ya bati, au namba imeharibikia kwenye kompyuta. Kwa hiyo kabla hujalaumu alama anza na samaki mwenyewe, alafu skana, alafu daftari.

Na kama unajiuliza kwani lazima, fikiria hivi: sato wa familia ishirini ukishawamwaga bwawa moja hamna mtu duniani atakayewatofautisha kwa macho. Programu ya GIFT ya kuboresha mbegu ya sato, iliyoanza Ufilipino mwaka 1988, ikachukua na sato wa porini kutoka Misri, Ghana, Kenya na Senegal, imesimama juu ya hilohilo: kila familia inalelewa kwenye neti yake, wakifika saizi wanawekewa alama, ndo wanachanganywa wote wakue kwenye maji yaleyale. Alama ikipotea, rekodi ya familia nayo imeenda, unabaki na samaki wa kukaanga tu.

Saizi ndo chanzo cha nusu ya malalamiko kwa hiyo niimalize hapahapa. Kifaranga chini ya gramu 1 usimguse na sindano, huyo ni wa alama ya kundi zima tu, sio ya samaki mmoja mmoja. Kuanzia gramu 1 au 2 rangi ya kuchoma chini ya ngozi (VIE) inawezekana kama mkono wako umetulia. Chipu ndogo ya milimita 8 kwa mtu mzoefu inaingia kwa samaki wa gramu 5 hivi, ila chipu ya kawaida ya milimita 12 mimi siweki chini ya gramu 10 na nikiwa na uhuru wa kuchagua nasubiri 15 hadi 20. Najua mnaharakishwa na ratiba ya mradi, ila samaki hajui ratiba ya mradi.

WANAKUFA SIKU HIYOHIYO AU KESHO YAKE

Sababu namba moja ni dawa ya usingizi, sio sindano. Wengi huku tunatumia mafuta ya karafuu maana yanapatikana, na shida yake ni kwamba nguvu haifanani, mafuta ya karafuu yenyewe, ya makonyo na ya majani yana kiwango tofauti, na yale yanayouzwa kwa kuchua mengine yamechanganywa na mafuta mengine kabisa. Kwa hiyo kipimo cha mwenzako wa Pemba usikichukue kama msahafu. Anza hivi: sehemu 1 ya mafuta kwenye sehemu 9 za ethanoli (sio spiriti ya bluu ya kuwashia), tikisa sana, alafu mililita 0.5 ya huo mchanganyiko kwa kila lita ya maji, hapo unapata karibu miligramu 50 kwa lita. Ukimwaga mafuta moja kwa moja kwenye ndoo yanaelea juu, samaki wa juu anakunywa yote na wa chini anakutazama tu. Jaribu kwanza na samaki watano. Anatakiwa alale ubavu ndani ya dakika 3 na mashavu yaendelee kucheza, ukimrudisha maji safi asimame ndani ya dakika 5. Akilala ndani ya sekunde 30 dawa ni kali, punguza. Mashavu yakisimama mrudishe maji safi sasa hivi, mwelekeze mdomo kwenye hewa inayobubujika, msogeze taratibu. Na usisahau kwamba ndoo ikishalaza samaki wengi maji yake yameshachoka, ute na mavi vimejaa na oksijeni imeisha, badilisha maji na dawa upya badala ya kuongeza matone.

Sababu ya pili, tumbo limejaa. Utumbo wa sato ni mrefu sana umejikunja kunja, ni mara kadhaa ya urefu wa mwili wake, ukiwa umejaa unasukumana na ukuta wa tumbo na ncha ya sindano inautoboa. Kwa nje huoni kitu, kitundu kidogo tu, ila kesho anaelea. Mchane mmoja aliyekufa, ukikuta chakula au maji ya kijani nje ya utumbo basi jibu unalo. Wasile saa 24 kabla, na kama wapo bwawa lenye maji ya kijani watoe uwaweke kwenye tangi la maji safi, maana hata usipowapa pumba wao wanaendelea kula ule ukijani.

Tatu, joto. Kazi hii ni ya asubuhi. Ikifika saa sita mchana maji ya beseni yakiwa nyuzi 30 na zaidi, oksijeni imeshuka na samaki anaihitaji zaidi, na dawa nayo inamwingia haraka, vitu vitatu kwa pamoja. Pampu ya hewa iwepo kwenye beseni la kusubiria NA la kuamkia, watu wanaweka moja tu.

Ukishaangalia hayo yote bado wanakufa ndo uangalie mkono: sindano inaingia wima badala ya kulala, au inazama ndani kuliko inavyotakiwa. Toboa kidogo pembeni ya mstari wa katikati ya tumbo, ncha iinue gamba iingie kati ya magamba isilitoboe, sindano ielekee kama inalala na ukuta wa tumbo, unasikia kabisa ule mkazo wa ngozi unaachia, hapohapo unasimama unasukuma chipu. Ukiendelea kusukuma sindano baada ya ule mkazo kuachia umeshafika kwenye ini.

Kikomo changu: wakifa zaidi ya 5 kwa kila 100 kabla ya kesho yake, kazi inasimama. Hamna cha "tumalizie hii neti".

WALIKUWA WAZIMA, WAMEANZA KUFA SIKU YA TATU HADI YA KUMI

Hapa ni maambukizi au purukushani. Angalia kitundu. Kama kimezungukwa na wekundu, sindano ilikuwa chafu au butu, na sindano butu ni rahisi kuitambua, ngozi inabonyea kwanza kabla ya kutoboka na gamba linang'oka. Usione hasara, badilisha. Sindano zikae kwenye ethanoli ya asilimia 70, uwe nazo kadhaa zinapokezana ili kila moja ipate dakika zake za kulowa, na uisuuze kwa maji safi yaliyochemshwa kabla haijaingia kwa samaki maana ethanoli ndani ya tumbo inaunguza.

Ukiona kama pamba nyeupe kwenye kidonda au kwenye mgongo, huo ni ukungu, unapenda sehemu ambayo ute umetoka. Yaani shida ilianzia kwenye kushika: mikono mikavu, glavu ya kitambaa, wavu wenye mafundo, kupima uzito kwenye sahani kavu ya mzani. Lowesha kila kitu kinachomgusa. Chumvi gramu 5 kwa lita kwenye tangi la kupumzikia kwa siku moja au mbili inasaidia sana, chumvi ya mawe ya kawaida tu. Pezi lenye ukingo mweupe unaoliwaliwa, au doa la njano-kijivu mgongoni kama tandiko, hiyo ni bakteria na inakwenda haraka maji yakiwa ya moto, usikae nayo, soma sehemu ya mwisho.

Kwa kambare kuna la ziada. Kambare hana magamba kwa hiyo sindano inaingia kirahisi mno, watu wanazamisha. Na kambare wanakulana. Ukiwachanganya wa gramu 10 na wa gramu 40 baada ya alama, wale wadogo wanapotea bila maiti kuonekana. Wapange kwa saizi kabla.

SKANA KIMYA, CHIPU HAISOMI

Usiseme chipu imetoka kabla ya kuipima skana. Funga chipu moja kwenye kijiti kwa selotepu, hiyo ni chipu yako ya majaribio, kila asubuhi ipitishe kwanza. Kama haisomi na hiyo, samaki hana kosa.

Chek betri, hata kama taa imewaka, betri ikiwa chini umbali wa kusoma unapungua kimyakimya. Alafu angalia meza. Chuma na bati vinaua mawimbi kabisa, hamisha kwenye meza ya mbao au plastiki. Alafu zima vitu vya umeme vilivyo karibu, inveta ya sola, chaja ya simu ya bei rahisi, taa za tyubu, na skana nyingine ikiwa inafanya kazi jirani. Maji yasikutie wasiwasi, maji yasiyo ya chumvi hayazuii, hata kwenye beseni inasoma. Kingine ni mwelekeo, chipu ikilala vibaya mbele ya antena haisomi hata ukiwa sentimita mbili, kwa hiyo mzungushe samaki polepole, wima, ubavu, kichwa mbele.

Kama umenunua chipu mpya na skana ya zamani, angalia kama zinaongea. Chipu za siku hizi nyingi ni kilohezi 134.2, zilezile familia ya chipu wanazowekewa mbwa, ndo maana skana ya daktari wa mifugo mara nyingi inasoma samaki wako. Ila zipo za zamani za 125, na hata ndani ya 134.2 kuna aina mbili, FDX-B na HDX, skana ya aina moja tu haioni nyingine. Muuzaji atakwambia "zote sawa". Sio sawa, mwambie aisome mbele yako kabla hujalipa.

Ikiwa skana ni nzima, basi ndiyo, chipu imetoka. Nyingi zinatoka wiki ya kwanza na ya pili kupitia tundu lilelile zilikoingilia. Sababu kwa mpangilio: chipu iliachwa chini ya ngozi haikufika tumboni (ukipapasa kwa kidole unaisikia kama punje ya mchele), tundu lilikuwa kubwa kwa sababu ya sindano butu, samaki alikuwa mdogo mno, au walirudishwa bwawani siku hiyohiyo. Wakae kwenye tangi au neti safi wiki moja hadi mbili, wasomwe wote tena ndo waende. Wale waliopoteza wawekee chipu mpya wakati bado unajua ni wa familia gani, ndo maana usichanganye familia kabla ya huo usomaji wa pili. Nasisitiza hili kwa sababu watu wanaliruka, ndilo linaloumiza zaidi baadaye.

Dawa ya kudumu ni alama mbili. Ukiweka chipu, kata pia kipande kidogo cha pezi la tumbo la kushoto, na kile kipande kitie kwenye kichupa cha ethanoli ya asilimia 95 chenye namba ya chipu. Muda wote kidonda au mshono wa pezi ukionekana unajua huyu aliwahi kuwa na chipu, na siku mambo yakiharibika kile kipande ndo DNA ya kumrudisha kwa wazazi wake.

NAMBA ZENYEWE ZINACHANGANYA

Samaki wote wanasoma namba moja. Kuna chipu imedondoka. Angalia kwenye sponji ulilomlazia samaki, kwenye mkunjo wa glavu, chini ya beseni. Toa kila kitu, pitisha skana juu ya meza tupu.

Samaki mmoja, namba mbili. Kwa sato, kuna mtu alimchoma mara mbili, asubuhi na jioni, inatokea sana timu zikipokezana. Kwa kambare, kammeza mwenzake mwenye chipu. Subiri siku mbili tatu bila chakula kizito umsome tena, namba ya mgeni inatoka na mavi. Na chipu mbili zikiwa karibu karibu zinaweza kugombana skana isisome hata moja, kwa hiyo kambare mkubwa aliyenyamaza ghafla anaweza kuwa na mbili, sio sifuri.

Namba haipo kwenye orodha. Hii ni Excel, karibu kila mara. Namba ya chipu ina tarakimu 15, Excel inaiona kama hesabu, inaiandika 9.56E+14, ukihifadhi kama CSV ukafungua tena zile tarakimu za mwisho zimekuwa sifuri na haziwezi kurudi. Familia nzima inageuka kuwa samaki mmoja. Kabla hujaingiza chochote, ile safu ya namba igeuze iwe ya maandishi, ndo uingize. Kama imeshaharibika nenda kwenye kumbukumbu ya ndani ya skana, nyingi zinatunza usomaji, usiifute mpaka umehakiki. Pia kuna skana zinatoa namba kwa tarakimu tupu na nyingine zinachanganya na herufi A mpaka F, ni chipu ileile imeandikwa kwa mtindo mwingine, chagua mtindo mmoja kwenye mipangilio. Na daftari la karatasi liwepo, penseli, maana wino na maji ya samaki havipatani, andika tarakimu nne za mwisho, familia, uzito. Litakuokoa.

RANGI HAIONEKANI

VIE ni mchanganyiko wa vitu viwili, 10 kwa 1, unachoma ukiwa majimaji alafu unaganda ndani ukiwa kama mpira laini. Ukipoteza rangi wiki ya kwanza, ilivuja: uliendelea kusukuma mpaka ncha inatoka. Ingiza, anza kusukuma huku unarudi nyuma, acha kusukuma kabla ya kufika tundu. Ikiwa rangi ilitoka vipande vipande au bomba limeziba, mchanganyiko umeshaanza kuganda, uweke kwenye barafu na uchanganye kidogo kidogo. Ikiwa haikuganda kabisa, vipimo vilikosewa.

Ikipotea baada ya miezi, haijapotea, imefunikwa. Sato anakua na ngozi inaongeza weusi, dume akiingia uzazi anakuwa mweusi kabisa. Ingia sehemu ya giza na tochi ya bluu na ile miwani ya njano, wengi utawaona. Kwa hiyo sehemu ya kuchoma ni muhimu, ile ngozi angavu nyuma ya jicho au kwenye mzizi wa pezi, sio mgongoni. Na usichague nyekundu na chungwa kwenye kazi moja, wala njano na kijani, baada ya mwaka utabishana na mwenzako. Ukumbuke pia rangi ni ya kundi, haikwambii ni samaki gani.

PEZI LIMEOTA TENA

Limeota kwa sababu pezi linaota. Ukikata ncha tu, wiki chache limerudi. Angalia miiba ya pezi kwa karibu, iliyoota tena huwa imepinda au imeungana pale ulipokata, ukiwa na mwanga mzuri mshono unaonekana. Ukitaka lidumu kata karibu kabisa na mzizi, la tumbo tu, la ubavuni na mkia achana nayo. Kinyume chake pia kipo, sato wa kwenye vizimba wanang'atana, unakuta samaki hajawahi kuona mkasi na pezi limekatika, ndo maana pezi peke yake sio ushahidi. Na wanaosoma miongozo ya salmoni ya Marekani, lile pezi dogo la nyama karibu na mkia wanalokata wao, sato hana, msilitafute.

WENYE ALAMA HAWAKUI

Huwezi kusema hivyo kama hukuacha wasio na alama pembeni, saizi ileile, wakashikwa na kulazwa vilevile. Mara nyingi wanachelewa wiki mbili za mwanzo alafu wanawafikia wenzao. Wakiendelea kubaki nyuma, uliweka chipu kubwa kwa samaki mdogo, hamna dawa, msimu ujao subiri.

WAPI UNASIMAMA NA KUITA MTU

Samaki wanazunguka zunguka, macho yametoka, tumbo limevimba, au wanakufa na wale ambao hawakuwekewa alama: hiyo sio sindano tena, ni ugonjwa, inaweza kuwa streptokokasi au hata virusi vya sato TiLV. Acha kila kitu, usihamishe samaki hata mmoja, usimwage maji mtoni wala ziwani, usitupe maiti nje, ita daktari wa mifugo anayejua samaki au afisa uvuvi wa wilaya, na vituo vya utafiti wa uvuvi, TAFIRI (Tanzania) au KMFRI (Kenya), kama uko karibu. Wape samaki wanaokaribia kufa, sio waliooza. Usianze kununua antibiotiki dukani.

Hivyohivyo kwa wale wanaotaka kuogesha vifaranga kwenye oksitetrasaiklini ili mifupa na vijiwe vya masikio ving'ae: hiyo ni antibiotiki, inahitaji daktari, na kwenye maji magumu yenye kalisi nyingi inashikwa na maji yenyewe hata alama hupati.

Ukijichoma wewe, na utajichoma, toa damu kidogo, osha kwa sabuni na maji mengi. Kidole kikivimba au kikatoa kinundu kisichopona wiki kadhaa nenda hospitali na umwambie daktari waziwazi kwamba unafanya kazi na samaki, maana kuna bakteria wa samaki asiyefikiriwa kirahisi kama hujasema.

Na samaki wenye chipu wakiuzwa: chipu iwe tumboni, itoke na matumbo wakati wa kuparua, ile ni glasi. Ukiweka kwenye mnofu wa mgongo kuna siku itafika kwenye sahani ya mtu. Waliolazwa karibuni na mafuta ya karafuu wasiende sokoni, na kila anayetolewa kwenye kundi asomwe, namba yake ifungwe kwenye orodha na tarehe, la sivyo mwakani utakuwa unamtafuta.